Kujumlisha tafiti za usahihi wa kipimo: uzoefu wangu na kijiti cha mkojo na kichocho mkoani Lindi

Ninafanya kazi ya maabara mkoani Lindi, na nilipofika hatua ya tasnifu ya shahada ya uzamili nilichagua swali ambalo kazini tulikuwa tukiulizana mara kwa mara bila kulitafutia jibu la maandishi: kijiti cha kupima mkojo, kile kinachobadilika rangi kikikutana na damu, kinaweza kuaminiwa kwa kiasi gani kutambua kichocho cha mkojo pale ambapo hakuna hadubini, au ipo lakini hakuna wa kuitumia? Katika vijiji vilivyo karibu na mabonde ya mpunga na madimbwi yenye konokono, uamuzi wa mganga wa zahanati juu ya mtoto aliye mbele yake mara nyingi hutegemea kijiti hicho na si kingine.

Sikukusudia kupima watu wapya. Tafiti zilizolinganisha kijiti na hadubini zilikwishafanyika kwa miongo kadhaa barani Afrika, na mwaka 2015 Eleanor Ochodo na wenzake walichapisha kupitia Cochrane, mtandao wa kimataifa wa mapitio ya tafiti za afya, mapitio makubwa yaliyojumlisha tafiti 74 za damu kwenye mkojo. Walipata kwamba kijiti huwanasa takriban asilimia 75 ya wenye maambukizi na huwaacha salama takriban asilimia 87 ya wasio nayo. Mimi nilitaka kujua hali ikoje katika jamii ambazo watoto wake wamekwisha kumezeshwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa awamu kadhaa, kama ilivyo kwetu, ambako waliobaki na maambukizi wengi wana mayai machache ya minyoo ya kichocho kwenye mkojo. Nayaandika haya kwa ajili ya atakayeanza kazi ya namna hii akiwa mbali na chuo, kwa sababu vitabu vya takwimu vilivyonifikia vilieleza kwa kirefu namna ya kujumlisha tafiti za dawa na kuishia hapo. Jaribio la dawa hutoa jibu moja. Utafiti wa kipimo hutoa majibu mawili kwa pamoja, unyeti (sehemu ya wenye maambukizi wanaonaswa) na umahususi (sehemu ya wasio nayo wanaoonekana salama), na karibu kila ugumu niliokutana nao ulitokana na ukweli huo.

Utafutaji wa makala ulimeza sehemu kubwa ya muda na ya fedha ya bando. Anayetafuta majaribio ya dawa anaweza kutumia vichujio vilivyokwisha kutengenezwa. Katika tafiti za vipimo, vichujio vya aina hiyo hupoteza makala zinazostahili, kwa kuwa waandishi wengi hawataji usahihi wa kipimo popote katika muhtasari. Utafiti wa kiwango cha maambukizi shuleni unaweza kuwa umetumia kijiti na hadubini kwa watoto walewale, na jedwali unalolihitaji likawa ndani kabisa ya makala. Kwa hiyo ilinibidi nitafute kwa maneno mapana, yaani jina la ugonjwa na jina la kipimo tu, kisha nisome muhtasari mmoja baada ya mwingine. Makala za kulipia nilizipata kupitia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida mengi. Kinachotakiwa ni taasisi yako iwe imesajiliwa na mkutubi akupe nywila, kwa hiyo muulize mkutubi kabla hujatoa hata shilingi kununua makala. Itifaki, yaani mpango wa kazi ulioandikwa, niliisajili PROSPERO, daftari la mtandaoni la mapitio ya tafiti, bila malipo kabla ya kuanza, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu baadaye nilipovutwa kubadili vigezo ili matokeo yapendeze, ile itifaki ilikuwa imekwisha kunifunga.

Kila makala ilisomwa na watu wawili bila kuonyeshana majibu. Mwenzangu alikuwa mtaalamu wa maabara wa Mtwara, mtu makini kuliko mimi katika kusoma maelezo ya mbinu, na tulikuwa tukilinganisha majedwali yetu kwa simu usiku. Ni yeye aliyeniuliza jambo lililobadili mwelekeo wa kazi nzima. "Kaka, hawa waliposoma alama hafifu, waliiweka upande gani?" Kijiti hakitoi jibu la ndiyo au hapana, rangi yake hupanda kutoka hafifu hadi alama moja, mbili na tatu za kujumlisha. Wapo watafiti waliohesabu hata alama hafifu kuwa chanya, wapo walioanzia alama moja, na wapo ambao hawakusema kitu. Tulirudi kwenye makala zote tulizokuwa tumekwisha kuzimaliza ili kujaza safu hiyo. Ilichosha, na dada huyo alikuwa na haki ya kunung'unika, lakini hakunung'unika. Ukianza leo, weka safu ya kizingiti, yaani alama ambayo kuanzia hapo kijiti huhesabiwa chanya, katika fomu yako ya kunakili data tangu siku ya kwanza, pamoja na safu za umri, jinsia, saa ya kuchukua mkojo, idadi ya sampuli kwa mtu mmoja, na iwapo jamii ilikuwa imepewa dawa karibuni.

Kitu unachokitafuta katika kila makala ni namba nne: walio chanya kwa vipimo vyote viwili, walio hasi kwa vyote, na makundi mawili ya wale ambao vipimo vilitofautiana juu yao. Makala nyingi hazizitaji, hutoa asilimia tu. Namba zinaweza kurudishwa kwa hesabu: ikiwa watoto walikuwa 200, maambukizi kwa hadubini asilimia 40, unyeti asilimia 80 na umahususi asilimia 90, basi wenye maambukizi ni 80, kati yao 64 walinaswa na 16 waliponyoka, wasio na maambukizi ni 120, kati yao 108 walionekana salama na 12 walihesabiwa wagonjwa bure. Kisha utafute katika makala idadi ya watoto wote waliokuwa chanya kwa kijiti. Isipokuwa 76, au karibu sana na hapo kwa sababu ya kukadiria desimali, kuna kitu hakiko sawa, na usikimbilie kuijaza nafasi kwa kubahatisha. Niliwaandikia waandishi barua pepe. Wachache walijibu, mmoja kwa ukarimu mkubwa hata akatuma data nzima. Makala nilizoshindwa kupata namba zake niliziondoa, na nakiri kwamba iliniuma, kwa sababu baadhi zilitoka katika mazingira yanayofanana sana na ya kusini mwa Tanzania.

Sasa kuhusu kujumlisha kwenyewe. Katika tasnifu kadhaa nilizozisoma kama vielelezo, mwandishi alikokotoa wastani wa unyeti peke yake, kisha wastani wa umahususi peke yake, akaandika hitimisho. Mwalimu wangu wa takwimu alinionyesha kwa mfano wa kubuni kwa nini njia hiyo inapotosha, na sijaona mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi. Utafiti wa kwanza unahesabu alama hafifu kuwa chanya, unapata unyeti wa asilimia 90 na umahususi wa asilimia 70. Wa pili unaanzia alama moja, unapata unyeti wa asilimia 60 na umahususi wa asilimia 95. Upime uwezo wa kipimo kwa uwiano wa odi, yaani odi za kuwa chanya kwa mwenye maambukizi zikigawanywa kwa odi za kuwa chanya kwa asiye nayo (odi ni uwezekano wa jambo kutokea ukigawanywa kwa uwezekano wa kutotokea): utafiti wa kwanza unatoa 21, wa pili 28.5. Chukua wastani wa kila upande, asilimia 75 na asilimia 82.5, kisha ukokotoe uwiano huohuo. Unapata takriban 14. Wastani umezaa kipimo kilicho dhaifu kuliko vyote viwili ulivyoanza navyo, kipimo ambacho hakuna aliyekitumia mahali popote.

Sababu ni kwamba kizingiti kinaposhushwa, unyeti hupanda na umahususi hushuka, na kinapopandishwa mambo hugeuka. Tafiti zenye vizingiti tofauti hujipanga kwenye mkunjo, na wastani wa nukta mbili zilizo kwenye mkunjo huangukia ndani yake, upande wa hasara. Kumwaga watu wa tafiti zote katika jedwali moja kubwa hakusaidii pia, kwani utafiti wenye watu wengi huwafunika wengine, na wagonjwa wa mahali pamoja huishia kulinganishwa na wazima wa mahali pengine.

Historia ya mbinu zenyewe ilinisaidia kuelewa kwa nini programu hutoa matokeo kwa namna inavyoyatoa. Mwaka 1993 Moses, Shapiro na Littenberg walieleza njia ya kuchora mkunjo wa jumla: kila utafiti hugeuzwa kuwa tofauti na jumla ya logiti mbili (logiti ni logi ya odi), ile ya chanya za kweli na ile ya chanya za uongo, kisha mstari wa rigresheni hupitishwa. Ni njia rahisi, unaweza kuifanya kwa kikokotoo, lakini haitenganishi ipasavyo tofauti inayotokana na uchache wa watu ndani ya utafiti na tofauti halisi kati ya utafiti na utafiti. Rutter na Gatsonis waliandika modeli ya ngazi mwaka 2001, ambayo hushughulikia kizingiti na usahihi kama mambo mawili yanayobadilika kutoka utafiti hadi utafiti. Reitsma na wenzake, mwaka 2005, wakaja na modeli ya vigeu viwili, inayokadiria unyeti na umahususi kwa pamoja na pia uhusiano uliopo kati yao. Nilipoteza usingizi nikijiuliza nichague ipi, hadi niliposoma kazi ya Harbord na wenzake ya mwaka 2007 iliyoonyesha kwamba, pasipo kuingiza vigeu vya maelezo (sifa za tafiti, kama umri wa washiriki), modeli hizo mbili ni kitu kilekile kilichoandikwa kwa namna mbili. Uchaguzi basi unafuata swali. Tafiti zako zikitumia kizingiti kimoja, nukta moja ya wastani wa pamoja ina maana. Zikichanganya vizingiti, toa mkunjo, au chagua kizingiti kimoja na ujumlishe tafiti zilizokitumia tu. Mimi nilitenga waliohesabu alama hafifu na walioanzia alama moja, na tafiti ambazo hazikusema nilizichambua kando.

Jambo jingine la kuangaliwa ni sifuri. Kuna tafiti ndogo ambamo kijiti kiliwanasa wote wenye maambukizi, na logiti ya asilimia 100 haipo. Programu nyingi huongeza 0.5 katika kila chumba cha jedwali bila kukuuliza. Kwa utafiti wenye wagonjwa 5 walionaswa wote, nyongeza hiyo huugeuza unyeti kutoka asilimia 100 kuwa takriban 92, na mabadiliko hayo hayatokani na kijiti hata kidogo. Chu na Cole walipendekeza mwaka 2006 kutumia mgawanyo wa binomia wenyewe, unaohesabu moja kwa moja walionaswa kati ya wote, ndani ya modeli, na hapo nyongeza haihitajiki. Katika R, ambayo ni programu ya bure, pakiti iitwayo "mada" hutumia njia ya makadirio ya mgawanyo wa kawaida pamoja na nyongeza, ilhali pakiti ya lme4 inaruhusu binomia. Nilianza na "mada" kwa sababu ni nyepesi kujifunza na michoro yake ni mizuri, kisha matokeo ya mwisho nikayatoa kwa lme4. Hifadhi kila amri katika faili la maandishi na uitunze nakala nje ya kompyuta. Umeme wa kwetu umewahi kukatika katikati ya kazi zaidi ya mara moja, na amri zilizohifadhiwa zilinirudisha nilipokuwa kwa muda mfupi.

Kuna siku programu iligoma kabisa. Kundi la tafiti zilizofanyika baada ya awamu nyingi za dawa lilikuwa dogo, na modeli ilirudisha onyo kwamba haikufikia suluhisho, au ilitoa uhusiano wa −1 kamili kati ya unyeti na umahususi, jambo ambalo ni dalili kwamba data haitoshi kukadiria kila kitu kinachoombwa. Nilikata tamaa kwa siku kadhaa nikidhani kazi imekwisha. Kumbe tatizo hilo linajulikana: Takwoingi na wenzake walilichunguza katika makala yao ya mwaka 2017 kuhusu tafiti chache na data haba, na ushauri wao ni kurahisisha modeli hatua kwa hatua, kwa mfano kuuondoa uhusiano huo na kukadiria pande mbili kila moja kwa modeli yake. Kinachotakiwa ni kusema waziwazi kwamba umerahisisha na kwa nini. Onyo la programu lisifichwe. Msomaji makini atalikuta.

Hata hivyo modeli nzuri haiwezi kuponya kipimo rejea kibovu (kipimo rejea ni kile kinachochukuliwa kuwa ndicho sahihi, kwangu hadubini), na hapa ndipo ujuzi wa maabara ulinifaa kuliko takwimu. Hadubini ikitazama kilichochujwa kutoka mililita 10 za mkojo wa siku moja haioni kila maambukizi. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi tofauti siku hadi siku, na hutoka zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Mtoto mwenye mayai machache akitoa mkojo wa alfajiri anaweza kuonekana hana kitu. Kijiti kikimnasa mtoto huyo, jedwali humhesabu kuwa chanya ya uongo, na umahususi wa kijiti hushushwa kwa kosa la hadubini. Kwa upande mwingine, zipo chanya ambazo kwa hakika ni za uongo: mwanamke aliye hedhini, au mtu mwenye maambukizi mengine ya njia ya mkojo, ana damu isiyotokana na kichocho. Ndiyo maana sikukubali kuchanganya tafiti za wanafunzi wa shule za msingi na tafiti za wanawake watu wazima bila kuingiza kundi hilo kama kigeu katika modeli.

Chombo cha QUADAS-2, kilichochapishwa mwaka 2011, hukulazimisha kuuliza maswali haya kwa mpangilio katika maeneo manne: namna washiriki walivyochaguliwa, kipimo kinachochunguzwa, kipimo rejea, na mtiririko pamoja na muda kati ya vipimo. Nakushauri usigeuze majibu yake kuwa alama za kujumlisha; waundaji wake hawakukusudia hivyo, na jumla huficha palepale penye udhaifu. Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa kama msomaji wa hadubini alijua tayari rangi ya kijiti. Makala nyingi hazisemi. Kuna pia modeli za madaraja fiche, ambazo hazikichukulii kipimo chochote kuwa kamili, lakini nyingi hudhani kwamba makosa ya vipimo viwili hayahusiani. Kwa kichocho dhana hiyo haishiki, kwa kuwa maambukizi yenye mayai machache huviponyoka vyote viwili kwa pamoja, na ukiipuuza hali hiyo vipimo vyote huonekana bora kuliko vilivyo. Niliamua kubaki na modeli ya vigeu viwili na kueleza udhaifu wa rejea kwa maneno, na watahini walikubali hoja hiyo baada ya mjadala mrefu.

Mtahini mmoja alitaka I², kipimo cha tofauti kati ya tafiti kinachozoeleka katika metaanalisisi (kazi za kujumlisha tafiti) za dawa. Hapa hakifai sana, kwa sababu hakijui kwamba sehemu ya tofauti hutokana na kizingiti kuwavuta unyeti na umahususi kwa mwelekeo unaopingana. Badala yake nilionyesha mchoro wenye maeneo mawili kuzunguka nukta ya wastani: eneo la uhakika, linalosema tunaujua wastani kwa kiasi gani, na eneo la utabiri, linaloonyesha utafiti mpya ungeweza kuangukia wapi. La pili lilikuwa pana mno kuliko la kwanza. Niliwaomba wasomaji wangu waliangalie hilo pana, maana zahanati moja ya Ruangwa au Nanyamba iko ndani ya lile pana.

Matokeo niliyapeleka kwa mratibu wa wilaya wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, mama mwenye uzoefu mkubwa wa kampeni za shuleni. Asilimia hazikumvutia. Nikachukua namba za Cochrane na kumwekea watu 1,000. Ikiwa maambukizi ni asilimia 30, wenye kichocho ni 300. Kijiti kitawanasa 225 na kuwaacha 75, na kati ya 700 wasio nacho kitawataja 91 bure. Ikiwa maambukizi yameshuka hadi asilimia 4, wenye kichocho ni 40. Kijiti kitawanasa 30 na kuwaacha 10, lakini kati ya 960 wasio nacho kitawataja takriban 125. Katika hali ya kwanza, chanya 7 kati ya 10 ni za kweli. Katika ya pili ni chini ya 2 kati ya 10. Nikamweleza pia kwamba hesabu hiyo ya pili imeudhani unyeti kuwa ni uleule, ilhali maambukizi yakiwa mepesi kijiti hunasa wachache zaidi ya hapo.

Aliitazama karatasi kwa muda, akaniuliza, "Sasa mwanangu, vijiji vyangu viko kwenye asilimia 30 au kwenye 4?" Nilimjibu kwamba metaanalisisi haiwezi kumwambia hilo, hata ikiwa na tafiti mia. Kiwango cha maambukizi hupimwa papo hapo, kwa hadubini, katika shule chache zilizochaguliwa kwa utaratibu, mkojo ukichukuliwa karibu na saa sita mchana na ukirudiwa siku nyingine kwa wale walioonekana hasi. Tulikaa tukaandika orodha ya shule, tukianza na zile ambazo dawa zilikuwa zimefika kwa awamu nyingi zaidi, na tukakubaliana kwamba karatasi za kurekodi zitakuwa na safu ya alama hafifu.